Mguu wa Kuku Kwenye Kola

9 Februari

Daktari wangu,

Hivi miguu yako imekatwa, au njia ya kuja kwetu imeota miti? Likizo ya kwanza ulisema mtihani. Ya pili ukasema mvua. Mvua! Kana kwamba wewe ni shuka, ukinyeshewa itabidi nikuanike upya. Mke mwenzangu umeniachia mume peke yangu. Mzee anakoroma, anataka chai kila akikohoa, na wewe uko huko unafungua vitabu. Haya, nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki njoo uichukue mwenyewe.

Sisi hatujambo. Babu yako macho ndiyo hayo, ukungu mtupu, lakini redio anaisikia na kubishana nayo. Mama yako katuletea salamu kutoka kwa mumewe, mtoto wao sasa anatambaa. Anayekuandikia ni Fundi, yuleyule wa vifungo, bado kakaa na cherehani yake pembeni ya dirisha langu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuyapiga pasi maneno yangu. Anacheka. Andika na hilo, Fundi, kwamba unacheka.

Tumepata kazi ya hospitali: shuka, mapazia, na makoti ya madaktari. Makoti yale nayatia wanga mpaka kola inasimama yenyewe. Nikipiga pasi moja najisemea, hili ni la mtoto wa watu, langu nililolishona mwenyewe liko chuoni na lina mguu wa kuku.

Juzi mama mmoja kaingia hapa na kelele zake, ati shati si la mume wake, nimelibadilisha. Nikamgeuzia kola ndani: nyota ya uzi mwekundu, alama niliyomtilia tangu siku ya kwanza alipoleta nguo. Akanywea. Herufi sizijui, lakini uzi wangu siukosei. Mwenye duka ana vijiti, mwalimu ana mwiba, na mguu wa kuku wa uzi wa buluu ni wetu sisi wa nyumba hii, mgeni hauvai.

Wagonjwa wako wanakungoja. Goti la Fundi likikunjwa linalia kama mlango. Muuza mkaa sikio lake moja limegoma, anasema hamwonyeshi mtu mpaka uje wewe. Na mimi nina kitu kidogo cha kukuonyesha. Si cha barua.

Njoo.

Bibi yako

*

2 Machi

Bibi yangu, mke mwenza mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Babu, mwambie mke wake mdogo hajamtupa. Msalimie Fundi na goti lake. Barua yako niliisoma kitandani hosteli, nikacheka mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama niko sawa.

Niko sawa. Nakula, nalala. Bweni letu bomba zake zinatoa maji ya kutu, tunafua nguo nyeupe zinatoka rangi ya chai. Ungeziona ungelia.

Bibi, kuna jambo, na tafadhali likae kwanza kabla hujanijibu. Nafikiria kuacha udaktari nihamie kozi nyingine. Inaitwa jiolojia, elimu ya mawe na udongo na maji yaliyofichwa chini yake. Unakumbuka nilivyokusumbua na visima viwili? Kwa nini maji ya kisima cha uani yanakataa povu, na ya kisima cha barabarani sabuni inafurika mpaka miguuni? Nilihudhuria mhadhara mmoja tu, nikiwa nimefuatana na mwenzangu, na huyo mhadhiri akaanza kueleza jambo lilelile. Nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Huku kwenye udaktari nafaulu, sikatai. Lakini nikiuliza swali naambiwa nikariri. Nikilivaa lile koti najiona nimeazima nguo.

Sijaamua. Nimesema nikuulize wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Neno lako nalisubiri.

Mjukuu wako

*

20 Machi

Daktari wangu,

Ndiyo, nimekuita Daktari, na nitaendelea.

Marahaba. Babu hajambo, mama yako hajambo, mtoto wao ameota jino moja na keshamng'ata nalo kila mtu. Salamu zimekwisha.

Mawe?

Fundi aliposoma barua yako nikamwambia amekosea, arudie. Akarudia. Nikamwambia avae miwani. Akasema miwani ninayo usoni, mama. Mawe! Mtoto amechaguliwa kutibu watu, anawaacha watu anakwenda kutibu mawe. Jiwe linaumwa nini? Utaliambia litoe ulimi? Mtu akiniuliza, mjukuu wako anafanya nini, nimjibu nini, anachunga kokoto?

Nilipomwambia babu yako akasema, "Angalau jiwe halikuiti ukiwa umelala." Nikamnyima chai.

Na hivyo visima. Nilikuambia wakati ule na nakuambia sasa: maji yakikataa povu unachukua ndoo unakwenda kuteka barabarani. Imekwisha. Nimefua nguo za mtaa huu tangu mama yako hajazaliwa, na sikuwahi kuhitaji chuo kiniambie kwamba ndoo ni nzito.

Umesema koti unaliona kama la kuazima. Nilikushonea mimi nguo gani isiyokubana mwanzoni? Nguo mpya ni hivyo, inavaliwa mpaka inakubali. Vumilia. Kama kuna mwalimu anakukataza kuuliza, niambie jina lake, nitamletea mwiko.

Jibu langu ni hapana. Umeniuliza, nimekujibu. Lakini nashukuru umeniuliza. Hilo nimeliweka mahali pake.

Bibi yako

Fundi anaongeza, Bibi hajui, kaenda kuanua nguo: Bibi yako mkono wa kulia una taabu. Vidole vimekufa ganzi. Wiki iliyopita pasi ilimkalia kwenye kidole, sisi wote tukasikia harufu kabla yeye hajasikia moto. Nikimwambia aende hospitali ananijibu, "Nitakwendaje kwa watu baki na mimi nina daktari wangu? Atakuja likizo." Ukiandika usiseme nimesema.

*

3 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, huku mambo yamekuwa mengi. Nimefurahi kusikia habari za jino. Babu mpe chai yake, tafadhali, alitania tu.

Nimekusikia, na bado nafikiria. Sijalipuuza neno lako. Majuzi nilifuatana na wanafunzi wa jiolojia kwenye ziara yao, kutazama tu. Walitupeleka kwenye bonde moja ambamo mto umeikata ardhi kama kisu kinavyokata mkate, na ndani mnaona tabaka juu ya tabaka, nyekundu, kijivu, nyeupe. Mwalimu akaweka tone la siki kwenye jiwe jeupe na jiwe likatoa mapovu. Bibi, jiwe lilitoa povu! Akasema ndilo hilo hilo linaloingia kwenye maji na kuishinda sabuni. Nikakukumbuka umeinama juu ya beseni la uani, unasugua na kutukana.

Nilitaka kukuambia jambo lingine. Nasikia watu wa kazi ya kunyanyua na kupiga pasi huwa wanapata ganzi ya vidole. Kama wewe unayo, usingoje mtu. Nenda hospitali. Nenda hata kesho. Daktari yeyote atajua la kufanya, si lazima awe wa kwetu.

Nakupenda sana.

Mjukuu wako

*

18 Mei

Daktari wangu,

Marahaba. Kwanza nimegombana na Fundi kwa sababu ya domo lake. Amekubali kosa, hajajuta. Mkono wangu ni wangu na haumhusu mtu. Nitauonyesha kwa ninayemtaka. Basi.

Babu anakusalimu. Mama yako anakuja na mtoto mwisho wa mwezi.

Sasa sikiliza. Juzi kisima cha barabarani kilikauka, ikabidi nifulie maji ya uani. Nikasugua, povu hamna, shuka za hospitali zinanitazama. Nikakaa kwenye kigoda nikayaangalia yale maji. Nikakuona wewe, mtoto mdogo, tumbo mbele, umeweka mabeseni mawili pamoja, umechuchumaa unayatazama kama watoto wengine wanavyotazama keki. "Bibi, haya yana nini?" Nikakuambia kamuulize aliyechimba. Ukaenda kweli! Ukapotea mchana mzima, tukakutafuta nyumba kwa nyumba, kumbe uko kwa mchimba visima umekaa juu ya ndoo, umemshika mtu wa watu kwa maswali. Ndiyo siku babu yako alipokuita Kiulizo.

Nikajiambia, huyu mtoto hata siku moja hakuniuliza mgonjwa ana nini. Aliniuliza maji yana nini.

Sikulala vizuri, nakuambia ukweli. Mtaa mzima nimeuambia wewe ni daktari. Lakini nikamwamsha mzee tukazungumza, na nimeamua. Kama ni mawe, basi yawe mawe. Imeniuma kama kung'olewa jino, lakini ruhusa nimetoa.

Sharti ni moja. Usisaini kitu chochote huko mpaka umekuja kukaa na mimi. Likizo hii. Nataka uniambie kwa mdomo wako, na mimi nikupe kwa mdomo wangu, chai iko katikati. Jambo kama hili halipiti kwenye karatasi na mikono ya Fundi.

Na nilimwambia Fundi, akiwa anaandika hapa: binti yako aliolewa huko ukaja kusikia kwa wapita njia, wangu mimi hata kozi ananiuliza kwanza. Anaandika tu. Nadhani nimemchoma, lakini kweli ni kweli.

Njoo na koti lako. Nitalitia wanga mara ya mwisho, tulikunje vizuri, tuliweke.

Bibi yako

*

30 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Likizo hii sitaweza kuja. Wametupanga zamu wodini, na bila hizo zamu mwaka haukamiliki. Nisamehe. Barua yako nimeisoma mara nyingi, sijui nikushukuru vipi.

Mkono vipi? Nenda hospitali, Bibi. Nakuomba.

Naandika haraka, watu wananisubiri.

Mjukuu wako

*

12 Agosti

Mjukuu,

Hatujambo. Babu yupo. Mama yako alikuja akaondoka.

Utauona mwandiko huu si wa Fundi. Ungeuona hata ningekaa kimya, maana unaujua. Mlisoma pamoja. Anayeandika ni yule binti uliyempa koti lako.

Ameinama sasa. Nimemwambia, usiiname, andika.

Walimleta hospitali ya hapa kwa mafunzo yake. Mimi sikumjua. Furushi la hospitali lilipokuja nikachambua kama kawaida, shuka huku, makoti kule. Napitisha kidole ndani ya kola nitafute alama. Kidole cha kulia hakikusikia kitu, siku hizi hakisikii kitu. Nikapitisha cha kushoto. Nikasimama. Nikasema, macho yangu yamekuwa ya mume wangu. Nikalitoa nje kwenye jua. Mguu wa kuku. Uzi wa buluu. Na lile fundo la pembeni nililolikosea, ukacheka ukasema kuku huyu ana kidonda.

Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba umekuja. Unasikia? Nilidhani uko mjini, umekuja kimyakimya, umetuma koti mbele kunishtua. Nilimwambia babu yako, "Mke mwenzangu kafika." Mzee akaomba ndevu zake zinyolewe. Nikamnyoa, kwa mkono mmoja. Akavaa shati safi akakaa mlangoni.

Aliyekuja ni huyu, kuchukua koti lake.

Nikamwuliza, "Mwenye koti hili yuko wapi?"

"Ni langu, Bibi."

"Koti hili nimelishona mimi, kwa mtoto wangu."

Basi akakaa juu ya furushi, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye bibi yake Kiulizo?" Na alivyokuwa hajui kwamba sijui, akanieleza kila kitu kwa furaha. Kwamba ulimpa koti Januari, siku uliyohama kozi. Kwamba yeye hakuwa nalo na wewe hukulihitaji tena. Kwamba unafanya vizuri sana kwenye mawe, na likizo hii mlipelekwa kambini huko mabondeni.

Wodini. Wodi gani, mtoto wangu? Wodi ya kokoto?

Januari. Barua yako ya "sijaamua, nimekuuliza wewe kwanza" ilikuja Machi. Mimi nikakaa hapa nakataa, nafoka, namnyima mtu chai, nabishana na wewe kama mtu mwenye sauti. Kumbe nilikuwa naugombea mlango ambao wewe ulishaupita ukaurudishia. Ulikuwa unasoma barua zangu ukisema nini? "Kikongwe bado kinapiga kelele"?

Mawe hayaniumi. Andika tena, binti: mawe hayaniumi. Ungeniambia Januari ningekutukana mpaka Februari, ikaisha. Kinachoniuma ni ile ruhusa. Nilijing'oa moyo kuitoa. Nilimwamsha mzee kwa ajili yake. Wewe ukakipokea kitu ulichokwisha kujichukulia, ukasema sijui nikushukuru vipi.

Na mkono huu. Niliunyima hospitali nikakuwekea wewe. Ukaniambia niende, daktari yeyote atajua. Sasa naelewa ulichokuwa unasema.

Fundi hajui. Anashangaa kwa nini simwiti tuandike. Nitamwitaje? Nilimcheka na binti yake. Ndiyo maana nimemfungia huyu mwenzako humu ndani, ndiye mtu pekee ambaye sina aibu naye, maana keshajua. Analia na wino unachafuka. Nimemwambia kosa si lake.

Mguu wa kuku nimeufumua. Nimechukua muda, kwa kushoto. Koti nimemfulia, nimemtilia wanga, nimemwekea alama yake mwenyewe, jani la uzi wa kijani. Limemkaa vizuri. Ni lake.

Sina zaidi.

Bibi

*

1 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia. Nawasalimu wote, na Babu. Habari ya ndevu zake imenishinda, naiacha.

Ni kweli. Yote aliyokuambia ni kweli, na lile la wodini nilidanganya nikijua nadanganya. Sina la kujitetea hapo.

Nikueleze tu, si kwa ajili ya msamaha. Tarehe ya mwisho ya kuhama ilinikuta sijakuandikia, nikasaini. Nikaondoka ofisini nikijihisi mwepesi, kisha nikahisi nimekuibia. Ndipo nikawaza, nikimwuliza sasa, naye akasema ndiyo, basi itakuwa kana kwamba tuliamua pamoja. Nilitaka ndiyo yako iende nyuma ikakae mahali pake. Uliposema hapana nikajiambia ningoje, atalegea. Uliporuhusu, barua ilinikuta kambini, niko na nyundo mkononi na matope mpaka magotini. Nilikaa chini pale bondeni. Kila neno ulilosema lilikuwa zuri na nilikuwa sistahili hata moja, na ukaniambia nisisaini.

Na nina langu pia, Bibi, niliseme mara moja. Uliniita Daktari mbele ya wateja kabla sijajua kuandika jina langu. Mtaa ukaniletea vidonda vyake nikiwa na mkoba wa shule. Hakuna siku uliyoniuliza. Nilijua kukuuliza maji yana nini, sikujua kukuambia mimi nina nini. Hilo halipunguzi uongo wangu. Lakini lipo.

Udaktari sirudi. Sitakudanganya tena hata kwa hilo.

Mwenzangu ameniandikia kwamba mkono wako amemwonyesha daktari wake. Kakataa kuniambia zaidi, amesema nikuulize wewe. Naogopa kukuuliza.

Nikija, utanifungulia?

Mjukuu wako

*

9 Oktoba

Kiulizo,

Marahaba. Salamu haikatazwi.

Babu hajambo. Ndevu zimeota tena, anasema hazinyoi mpaka amsikie mwenyewe mlangoni, habari za makoti hazitaki. Mtoto wa mama yako anatembea, anaanguka, anatembea.

Anayeandika ni Fundi. Ndiyo, nimemwambia. Nilimwita nikafunga mlango nikasema, "Nilikucheka na binti yako. Wangu kanifanyia vilevile." Nilingoja anicheke. Aliweka sindano chini, akaniuliza, "Umekula?" Tukakaa. Sasa ananiambia nisiandikishe hilo. Andika.

Mkono. Mwenzako alinishika kiwiko akanivuta mpaka hospitali kama mbuzi, na mimi namtukana njia nzima. Wamesema mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wamenipasua padogo, wamefunga bendeji. Kidole gumba kimeanza kuniwasha, wanasema kuwashwa ni kuzuri. Walisema pia ningekwenda mapema ingekuwa rahisi zaidi. Hilo sijalisema ili likuume. Nimelisema kwa sababu nimechoka na mambo yasiyosemwa.

Lako nimelisikia. Sikukuuliza. Ni kweli, sikukuuliza. Nililiwaza siku kadhaa nikitafuta mahali pa kulikanusha, sikupaona, nikakasirika zaidi. Lakini sikiliza na wewe: kutokuuliza ni ubishi, mtu mbishi unamgongea mpaka afungue. Wewe hukugonga. Ulinizunguka nyumba. Bado ninapopita beseni la uani nasikia kitu hapa kifuani, kama kipande cha sabuni kimekwama. Sijakusamehe. Ile nusu ya kwanza niliyokupa Februari, nayo nimeirudisha.

Nikufungulie? Unauliza mlango? Nyumba hii ni yako. Siwezi kukufungia hata nikitaka. Hasira ni ya kwangu, mlango ni wa kwenu.

Ila utakuja ninavyotaka mimi. Utakuja mwezi ujao, na usinitajie mvua. Usipitie nyumbani kwanza. Anzia kwa muuza mkaa. Umwambie kwa mdomo wako kwamba wewe si daktari na hutakuwa, na sikio lake alipeleke hospitali. Kisha mwalimu. Kisha mwenye duka. Nyumba kwa nyumba, wote niliowaambia. Mimi sitakusemea na sitasimama nyuma yako. Watakucheka, watanicheka na mimi, ni sawa. Goti la Fundi liache la mwisho, amesema anataka kukusikia akiwa ameketi.

Ukimaliza ingia kwa mlango wa uani. Mzee atakuwa amekaa hapo. Msalimie kwa sauti.

Na ile suruali unayoingia nayo kwenye mabonde yako, njoo nayo ikiwa na matope yake. Usiifue huko, maji yenu ya kutu nimeyasikia. Tutaifua hapa, kwa maji ya barabarani, na wewe ndiye utakayebeba ndoo. Ule uzi wa mguu wa kuku niliofumua umechakaa, haufai tena. Nitakata mpya. Kutunga uzi kwenye sindano bado vidole havijaweza, hilo utanifanyia wewe.

Kushona nitashona mwenyewe.

Bibi yako